Ngozi Peke Yake Haibebi Uso

Nina saluni Kirumba, karibu na soko la dagaa la Mwaloni. Tangu hospitali ya Muhimbili Mloganzila watangaze upasuaji wa urembo mwaka 2023, wateja hawaishi kuniuliza habari za "kuvuta uso". Ikabidi nisome na niulize. Niliyoyapata ni haya.

1. Kuvuta ngozi tu ni mambo ya zamani. Mwaka 1901, mjini Berlin, daktari Eugen Holländer alimkata bibi mmoja wa Kipolandi vipande vya ngozi karibu na masikio na penye mpaka wa nywele, akashona. Wateja wangu wengi wanadhani bado ni hivyo. Ngozi ikibebeshwa mzigo wote hulegea tena, na kovu hutanuka.

2. Kazi yenyewe iko chini. Mwaka 1974 Tord Skoog wa Sweden alieleza namna ya kuinua ngozi pamoja na tabaka lililo chini yake. Miaka miwili baadaye Mitz na Peyronie, Wafaransa, wakalieleza tabaka hilo vizuri: utando ulioshikana na misuli ya uso. Basi ukawa unakazwa utando, ngozi inalazwa juu yake bila kuvutwa kwa nguvu. Sam Hamra wa Marekani, mwaka 1990, akapita chini ya utando wenyewe na kuinua shavu zima kwa pamoja. Humo humo ndimo zinamopita neva za tabasamu na kope, kwa hiyo mwenye kisu awe anazijua njia zake.

3. Haya hayako mbali nasi. Mpwa wangu alizaliwa na mdomo sungura, akashonwa hospitali ya Bugando. Muuguzi alitueleza kwamba msuli unaozunguka mdomo lazima uunganishwe. Ukishona ngozi peke yake, mtoto akicheka panatuna kando ya kovu.

4. Ngozi nyeusi hukawia kukunjamana. Watazame wavuvi, wanaopigwa na jua la juu na lile la kwenye maji. Kwetu kinachotangulia kushuka ni nyama ya shavu. Ila aliyewahi kuota keloidi baada ya kutoboa sikio amwambie daktari mapema.

5. Mkorogo, yaani krimu za kujichubua. Hapa ndipo ninapogombana na watu. Krimu zenye steroidi hupunguza unene wa ngozi, na kidonda hupona kwa shida. Mteja akianza na bei ya kuvuta uso, mimi naangalia kwanza sugu za vifundo vya vidole, zinazomfichua anayejichubua, kisha namuuliza anapaka nini.

"Mafuta tu," hunijibu, halafu anaomba nimsuke.