Kuhamisha Mmea wa Pasheni Uliokwisha Kushika

Lengo: Baada ya somo hili uweze kueleza kwa nini mmea mkubwa hunyauka ukihamishwa, na kutaja hatua za kuuokoa.

Tuseme nyumbani kwenu Dongobesh au Katesh kuna pasheni ya miaka 2. Inazaa, na matunda yake huuzwa mnadani kununulia madaftari. Sasa baba anataka kujenga chumba hapo hapo ilipo. Ufanye nini?

Chanzo cha tatizo
Maji huingia kwenye mmea kupitia vinyweleo vya mizizi na hutoka kupitia majani. Ukichimba, vinyweleo vingi hukatika, lakini majani huendelea kupoteza maji kama jana. Ndiyo maana mmea hunyauka hata udongo ukiwa umelowa. Ulaya, hopsi, mmea utambaao unaotia bia uchungu, huhamishwa wakati wa baridi ukiwa umelala bila majani. Pasheni hailali hivyo, kwa hiyo majani tunayapunguza wenyewe.

Hatua
1. Subiri mvua zishike. Usihamishe kiangazi, Juni hadi Oktoba.
2. Kata vipando vyenye vifundo 3, uvioteshe kwenye viriba. Hii ni akiba yako.
3. Chimba shimo jipya la sm 60 kila upande. Changanya udongo wa juu na debe 1 la samadi iliyooza.
4. Punguza matawi, bakiza shina la mita 1 hivi lenye majani machache.
5. Jioni, chimba kuzunguka shina umbali wa sm 30. Inua mmea na bonge lake la udongo, uubebe juu ya gunia.
6. Panda kwa kina kile kile cha awali, mwagilia, weka kivuli na matandazo yasiyogusa shina.

Tahadhari: Hata ukifuata hatua zote, pasheni kubwa inaweza kufa. Usiruke hatua ya 2.

Swali la kujipima
Kwa nini matawi hupunguzwa kabla ya kuhamisha mmea? (Alama 2)

Jibu: Ili kupunguza maji yanayopotea kwenye majani (alama 1), kwa kuwa mizizi iliyokatika haiwezi kufyonza maji ya kutosha (alama 1).

Wengi huandika "ili uwe mwepesi kubeba." Ni kweli unakuwa mwepesi, lakini jibu hilo halina alama.