Ukali wa Watoto na Asili Yake

Mtoto akipiga wenzake chuoni na asishike somo, twasema upesi kuwa ana damu mbaya, kisha twainua bakora. Je, tumeuliza amekula nini, na akaa wapi?

Katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, huuzwa mgagani, ambao wenyeji huuita chinsaga, pamoja na mnavu. Mboga hizi zina madini ya chuma. Mtoto mdogo akikosa chuma, ubongo wake haukui vyema, na huweza kuwa msumbufu asiyetulia. Sisi huku twamshibisha kwa mkate mweupe na chai, na chai hiyo huzuia chuma kuingia mwilini!

Katika gereza la Aylesbury, Uingereza, vijana 231 waligawanywa: baadhi wakapewa vitamini, madini na mafuta yenye manufaa, wengine vidonge vitupu. Habari yake ilitolewa mwaka 2002: waliopewa lishe walifanya makosa pungufu kwa kadiri ya robo.

Na hapa Mombasa, mtaani Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya risasi hata kikafungwa mwaka 2014. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, ikadhoofisha uwezo wake wa kuizuia ghadhabu.

Hatusemi kuwa mkosaji hana dhima. Wenye njaa wasiomdhuru mtu ni wengi mno. Lakini aliyelea mwanawe karibu na kiwanda kama kile, na ampeleke hospitali apimwe damu kabla ya kumshitaki kwa mwalimu.