Nyumba Imekwisha, Mbona Moyo Haujatua?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 43, mhasibu, ofisi yetu iko Posta, Dar es Salaam. Nina mke na watoto watatu. Kwa miaka mingi tulipanga Manzese, chumba na sebule, choo tukishirikiana na wapangaji wengine. Ndoto yangu ilikuwa moja tu: kujenga. Nilijinyima kila kitu. Mwaka jana tukahamia kwetu Bunju, vyumba vitatu, uzio, kisima. Nilidhani nitalia kwa furaha. Furaha ilikuwepo, miezi michache hivi. Baada ya hapo nikaanza kuona geti la jirani ni zuri kuliko langu.

Shangazi, sijisikii chochote. Naamka saa kumi alfajiri niwahi foleni, narudi saa tatu usiku watoto wamelala. Nikifika nabaki ndani ya gari pale uani na simu mkononi, nasoma kundi la WhatsApp la wenzangu tuliomaliza nao kidato cha sita. Huko kila siku kuna jambo. Mmoja kaposti Prado mpya, mwingine yuko Kanada, mwingine binti yake kachaguliwa kusomea udaktari. Mimi naendesha IST. Naandika "hongera" huku kifua kinabana. Siku hizi nashtuka saa nane za usiku, napiga mahesabu ya maisha yangu mpaka saa ya kuamka.

Mke wangu anasema sina shukrani, wenzangu hawana hata kiwanja. Najua ni kweli, na ndiyo inaniumiza zaidi. Zamani jioni nilikuwa nafundisha mpira watoto wa mtaa, kisha nacheza bao na wazee. Sasa kwenda Manzese naona ni kupoteza mafuta. Nimefikiria nichukue mkopo kazini nibadilishe gari, au nimfuate yule rafiki Kanada. Je, nina roho ya kwa nini?

Baba K., Bunju

Marahaba mwanangu. Na hongera ya nyumba, maana katika barua yako yote sijaona aliyekupa, hata wewe mwenyewe hujajipa.

Hilo la roho ya kwa nini tuliondoe mapema. Mwenye roho hiyo hulala usingizi mzuri mwenzake akianguka. Wewe umempongeza mtu, kisha usiku unakesha ukijihukumu. Mama watoto naye nampa pole, maana anaishi na mtu aliyefika nyumbani lakini bado yuko garini. Ila hili la kukusuta kwamba huna shukrani halitamsaidia. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu waliokuwa wakiandika mara kwa mara mambo ya kushukuru, na kweli waliyaona maisha yao vizuri kuliko wale walioandika kero. Lakini waliandika ya kwao, kwa mkono wao. Hakuna aliyesimamiwa mlangoni na kutajiwa wasio na viwanja.

Sasa nyumba. Unashangaa kwamba raha yake ilikwisha upesi, na pengine umeshaambiwa msikitini, kanisani au kijiweni kwamba mali haileti furaha. Watu hupenda kutaja utafiti wa mwaka 1978 wa Philip Brickman na wenzake, waliowahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu ya jimbo la Illinois, Marekani. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha kuwazidi watu wa kawaida wa maeneo yaleyale. Tena vitu vidogo vya kila siku, kama kupiga soga na rafiki au kusikia mzaha mzuri, viliwapa raha ndogo kuliko wenzao wasioshinda kitu. Ni habari tamu, hasa kwa wenye fedha wanapotaka kuwatuliza wasio nazo. Lakini watu 22 ni wachache mno. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti mkubwa zaidi kutoka Sweden, wa maelfu ya washindi, na huo ulisema jambo lingine: waliopata fedha nyingi waliridhika zaidi na maisha yao, na kuridhika huko kulidumu kwa zaidi ya miaka kumi. Ila walipoulizwa kuhusu furaha yao na afya ya akili, ongezeko lilikuwa dogo zaidi.

Soma tena sentensi hizo mbili za mwisho, mwanangu, maana ugonjwa wako umekaa katikati yake. Kuna maisha unayoyapa alama ukiulizwa, na kuna siku unayoishi kuanzia unapofumbua macho mpaka unapoyafumba. Vitu hivi viwili vinafahamiana lakini havilali chumba kimoja. Hadley Cantril alibuni swali ambalo hadi leo hutumika kupanga nchi katika ripoti ya kila mwaka ya furaha duniani: fikiria ngazi ya sifuri hadi kumi, juu kabisa kuna maisha bora unayoweza kuyapata, chini kabisa mabaya, je, umesimama wapi? Ukinijibu kwa haki, baba wa nyumba yenye kisima, ajira na watoto watatu, utasema sita au saba. Nami nitakubali. Miaka yote ya Manzese ulikuwa ukipanda ngazi hiyo, na umepanda kweli.

Lakini hakuna anayeshinda kutwa juu ya ngazi. Jumanne asubuhi wewe uko Barabara ya Bagamoyo, gia ya kwanza, breki, gia ya kwanza.

Mwaka 2004 Daniel Kahneman na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 909 wenye ajira huko Texas. Hawakuwauliza kuhusu maisha kwa jumla. Waliwaomba waikate siku ya jana vipande vipande, kila kipande waseme walikuwa wapi, na nani, wakijisikiaje. Safari ya asubuhi kwenda kazini ilikuja mkiani kabisa. Juu kabisa yalikuwa mahaba, ambayo siyaongezei neno kwa kuwa hili ni gazeti la familia, na yaliyofuata ni kukaa na watu baada ya kazi. Sasa nawe ikate siku yako namna hiyo. Saa kumi alfajiri mpaka saa tatu usiku ni saa kumi na saba, na ukitoa ofisi kinachobaki kikubwa ni barabara. Watoto umewaona wakiwa wamelala. Kile kipande kimoja kilichokuwa cha juu, watoto wa chandimu na wazee wa bao, umekiuza, na bei yake ni nyumba. Sisemi ulikosea kujenga. Nasema gharama hiyo haikuwa kwenye makadirio ya fundi, ndiyo maana huioni, na unatafuta kasoro kwenye geti.

Angalia ulichokuwa ukipata pale uwanjani. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wamesema kwa miongo kadhaa kwamba nafsi ya binadamu inahitaji mambo matatu ili istawi: ajiamulie anachofanya, aone kwamba anakiweza, na awe na watu wanaomjali naye akawajali. Ofisini unatekeleza maagizo. Barabarani huamui lolote. Manzese hukulipwa hata shilingi, hakuna aliyekutuma, ulijua kazi, na watoto walikuwa wakikusubiri. Umeiweka habari hii chini kabisa ya barua, ukaichanganya na mafuta ya gari. Mimi ningeiweka juu.

Kundi nalo. Mwaka 1954 Leon Festinger alieleza kwamba mtu akitaka kujipima humtazama aliye kama yeye. Ndiyo maana utajiri wa Mo Dewji haukunyimi usingizi hata kidogo, unakosa usingizi kwa sababu ya uliyekaa naye dawati moja. Na usidhani ni udhaifu wako peke yako. Hapo kwa majirani zetu, Rarieda, magharibi mwa Kenya, shirika la GiveDirectly liligawa fedha kwa kaya zilizochaguliwa kwa kura, na watafiti wakafuatilia. Johannes Haushofer na wenzake walikuta kwamba majirani wakiongezeka mali, watu huyapunguzia alama maisha yao wenyewe, na walioumia zaidi ni wale ambao hawakupata. La kushangaza ni kwamba wakipimwa huzuni na msongo wa mawazo, mabadiliko hayo hayakuonekana, na hata kule kushuka kwa alama kulipungua kadiri muda ulivyopita. Yaani Prado ya mwenzako inakushusha kwenye ngazi, na hata huko haikushushi milele, ila kwa sharti moja: usiwe unapewa Prado mpya kila usiku. Kijijini jirani anapata mara moja. Kwenye simu yako kuna wenzako wengi wanaopokezana, na hakuna anayeposti siku aliyopelekewa barua na benki.

Linyamazishe kundi. Usijitoe, maana wataona "fulani ametoka" na maneno yataanza. Linyamazishe, ulifungue Jumapili mchana, toa hongera na rambirambi zako kwa mkupuo, funga. Na ukiingia uani, zima gari ushuke. Siku mbili kwa wiki toka ofisini mapema kadiri mkuu wako atakavyokuruhusu, hata kama utafidia siku nyingine, uwakute watoto macho. Foleni siwezi kukuondolea, Serikali yenyewe inahangaika nayo.

Jumamosi nenda Manzese. Mafuta ya safari moja kwa wiki hayajamfilisi mhasibu. Baada ya muda watafute na vijana wa Bunju, hawawezi kukosa uwanja na mpira uliochanika, wala hawajui kwamba karibu yao amehamia kocha. Na yule mwenye geti zuri, jina lake ni nani? Umeniandikia geti lake, yeye hujamtaja. Mgongee hodi.

Kuna jambo sitalipa utani. Umesema hujisikii chochote, na unashtuka saa nane usiku usirudi kulala. Hali hiyo ikidumu siku nyingi katika wiki mbili mfululizo, na hasa ikiongezeka kukosa hamu ya vitu ulivyovipenda, kuchoka bila sababu, hamu ya kula kubadilika, au kujiona hufai, basi inaweza kuwa sonona, na sonona haitibiwi kwa kunyamazisha simu. Nenda hospitali. Daktari atakuuliza maswali, huenda akapima na damu, maana hata matatizo ya tezi ya shingo huweza kumlegeza mtu namna hiyo. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na kwenye hospitali nyingi za mkoa utapata pa kuanzia. Anayeingia mlango ule si chizi. Ni mtu anayekosa usingizi, kama wewe. Na likikujia wazo kwamba bora usingekuwepo, usisubiri kliniki wala Shangazi: mwamshe mkeo usiku huohuo, nendeni.

Mpe mkeo asome barua hii. Yeye anadhani umeidharau nyumba mliyojinyima pamoja, hajui kwamba saa nane usiku upo macho. Umeniambia mimi kabla ya kumwambia yeye.

Mkopo wa gari usiuguse mwaka huu. Prado kwenye foleni ya Mwenge inasimama vilevile kama IST, inakula mafuta zaidi, na makato ya mshahara yatakufungia hata hizo Jumamosi ninazokuagiza. Kama mwakani bado unalitaka, umelala vizuri na bajeti inaruhusu, lichukue, sitakusema. Mtu anaruhusiwa kupenda gari.

Kanada sikukatazi, wapo waliokwenda wakafanikiwa. Lakini kabla hujaanza kukusanya vyeti, mpigie rafiki yako pembeni ya kundi. Usimwulize analipwa kiasi gani. Mwulize Jumanne iliyopita aliamka saa ngapi, alikula na nani, alicheka lini. Mpe nafasi asijibu haraka, kisha mweleze na Jumanne yako. Halafu niandikie tena, nitapenda kujua alisemaje.

Nisalimie mama watoto.

Shangazi