Kwa Nini Meza Hupasuka: Maji, Mbao na Kazi ya Seremala

Meza ya mbao ngumu iliyotengenezwa kwa mkono ni kitu cha thamani katika sebule yoyote. Fundi wa Kinjumbi, kaskazini mwa Wilaya ya Kilwa, aweza kuipiga randa na msasa hata uso wake ukawa laini kama kioo cha saa, akaipaka vanishi na kuisafirisha Dar es Salaam ikiwa haina kasoro hata moja. Baada ya miezi michache katika chumba chenye kiyoyozi, meza ile ile hupasuka katikati, na miguu yake huanza kucheza. Mnunuzi humlaumu fundi. Fundi naye huulaumu mti, na pengine husema kuwa ulikatwa wakati wa mwezi mpevu. Sayansi ya mbao ina jibu jingine, nalo laweza kuthibitishwa darasani kwa mizani na vipande vichache vya ubao.

Maji ndani ya mti

Mbao ni mkusanyiko wa seli ndefu, nyembamba, zilizolala kufuata urefu wa shina. Kila seli ina uwazi katikati na kuta zilizojengwa hasa kwa selulosi na lignini. Mti unapoangushwa, maji huwa mahali pawili: mengine hujaa katika uwazi wa seli, na mengine yameshikamana na kuta zenyewe. Mbao inapoanza kukauka, maji ya uwazini ndiyo hutoka kwanza. Katika hatua hiyo gogo hupungua uzito sana, lakini halipungui ukubwa hata kidogo. Hapo ndipo wengi hudanganyika: fundi huinua ubao, huuona mwepesi kuliko wiki iliyopita, akaamini kuwa umekwisha kukauka, kumbe kazi halisi ya kukauka haijaanza.

Unyevu ukishuka hadi karibu asilimia 30, maji ya uwazini huwa yamekwisha, na maji ya kutani huanza kutoka. Kuta husinyaa, na ubao mzima husinyaa pamoja nazo, lakini hausinyai sawasawa pande zote. Nyuzi ndogo za selulosi zimelala karibu kufuata urefu wa seli, kwa hiyo ubao haupungui urefu kwa kiasi cha kuonekana. Hupungua upana na unene. Tena, upande unaofuata mviringo wa duru za ukuaji husinyaa kiasi cha mara mbili ya upande unaotoka kiini kwenda gome. Tofauti hiyo ndiyo hufanya ubao uliopasuliwa pembeni mwa gogo ubetuke kama kigae, na ndiyo hufanya gogo lililoachwa juani lipasuke kuelekea kiini.

Kukauka kuna kikomo. Ubao huendelea kupokea na kutoa maji mpaka ulingane na hewa iliyouzunguka. Katika hewa ya pwani yenye unyevu wa karibu asilimia 75, mbao hutulia kwenye unyevu wa takriban asilimia 14. Katika chumba cha kiyoyozi, au bara wakati wa kiangazi, ambako hewa ina unyevu wa karibu asilimia 50, hutulia kwenye asilimia 9 hivi. Kwa hiyo hata ubao uliokaushwa vema Kinjumbi utakauka tena utakapofika katika ofisi ya Dar es Salaam au nyumba ya Dodoma.

Hesabu ya meza moja

Mbao ngumu nyingi hubadilika upana kwa kiasi cha asilimia 0.25 kwa kila badiliko la asilimia 1 la unyevu, zikiwa zimepasuliwa kwa kufuata mviringo wa duru. Tuchukue meza yenye upana wa milimita 800, iliyotoka Kinjumbi ikiwa na unyevu wa asilimia 14 na kufikia asilimia 9 chumbani. Badiliko ni asilimia 5. Tukizidisha kwa 0.25 tunapata 1.25, na asilimia 1.25 ya milimita 800 ni milimita 10. Uso wa meza unataka kupungua sentimita moja nzima. Ikiwa fundi ameupigilia misumari kwenye fremu isiyopungua, hauna pa kwenda, na utapasuka. Kama mbao ziliundwa zikiwa na unyevu wa asilimia 24, hesabu hiyo hiyo inatoa milimita 30. Gundi haiwezi kuzuia nguvu ya namna hiyo, hata iwe ya bei gani.

Miti haifanani. Mninga, ambao wataalamu huuita Pterocarpus angolensis, husinyaa kidogo mno ukilinganishwa na mbao nyingine ngumu, na mkongo nao hutulia vema. Sifa ya mninga kwa maseremala haikutokana na rangi yake peke yake. Mti huu umewasamehe mafundi haraka zao kwa miaka mingi. Lakini daraja la Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, magogo ya kusini yalipata njia nyepesi ya kufika Dar es Salaam, na ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilionyesha jinsi ukataji ulivyopanda na jinsi sehemu kubwa ya mapato ilivyopotea. Leo fundi hulazimika mara nyingi kutumia myombo au mtondoro, miti iliyo mingi zaidi. Myombo una nyuzi zilizopishana, hupinda na kupasuka kwa urahisi. Anayeukausha kama alivyozoea kuukausha mninga ataharibu mbao nyingi kabla hajapata kiti kimoja cha kuuza.

Hasara hiyo haimwangukii fundi pekee. Vijiji viwili vya Kilwa, Kikole na Kisangi, vilipata cheti cha FSC mwaka 2009 kwa usimamizi wa misitu yao, cheti cha kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili unaomilikiwa na wanakijiji. Mpingo, ambao ni shabaha kuu ya mpango huo, hukadiriwa kuhitaji miaka 70 hadi 100 kabla haujafaa kuvunwa. Gogo linaloishia kuwa kuni kwa sababu liliachwa juani ni umri wa binadamu uliotupwa.

Busara ya mafundi wa kale

Ni jambo la kuvutia kwamba mafundi wa pwani walilitatua tatizo hili bila kuwa na mizani ya maabara. Kiti cha enzi cha Lamu na Unguja hakina ubao mpana hata mmoja. Kimejengwa kwa vipande vyembamba vilivyounganishwa kwa ulimi na tundu, na mahali pa kukalia na pa kuegemea pamesukwa kwa kamba. Kipande chembamba husinyaa kidogo sana, na msuko hauwezi kupasuka. Kitanda cha kamba hufuata kanuni hiyo hiyo: miti minne imeshika umbo, nayo kamba imebeba mlalaji. Kamba hulegea, ni kweli, na watu wa pwani hawakuficha udhaifu huo. Kitanda cha aina hiyo walikipa jina la teremka-tukaze.

Pale ubao mpana ulipohitajika, kama katika milango, ulitiwa ndani ya mfereji wa fremu pasipo gundi, ukaachiwa nafasi ndogo ya kutanuka wakati wa masika na kunywea wakati wa kiangazi. Fundi wa leo aweza kufanya vivyo hivyo kwa uso wa meza: aufunge kwenye fremu kwa skrubu zilizopita katika matundu marefu badala ya matundu ya mviringo, ili skrubu ipate nafasi ya kuhama ubao unapobadilika.

Kukausha

Tanuri la kukaushia mbao ni ghali, lakini hewa ya Kilwa haina bei. Mbao zipangwe chini ya paa, mahali penye upepo, zikiinuliwa nusu mita kutoka ardhini ili kuepuka mchwa na unyevu. Kati ya tabaka na tabaka viwekwe vijiti vyenye unene uleule, sentimita 2 hadi 3, kila kijiti kikiwa juu kabisa ya mwenzake; vikipishana, mbao zitajifunza kupinda. Ncha zipakwe nta au rangi nzito, kwa maana maji hutoka nchani kwa kasi kubwa mno kuliko usoni, na ncha inayotangulia kukauka ndiyo hupasuka kwanza. Kwa sababu hiyo vipande vya mpingo vya kutengenezea zumari na klarineti hutiwa nta ncha zake na kukaushwa polepole sana. Mbao za unene wa milimita 25 huhitaji miezi kadhaa, na myombo usiharakishwe.

Jaribio la darasa

Wanafunzi wakate vipande vitano vya mbao mbichi, kila kimoja cha urefu wa sentimita 5, kutoka katikati ya ubao wala si nchani. Wavipime uzito na upana mara moja, kisha wavikaushe katika oveni ya maabara kwa nyuzi 103 za Selsiasi mpaka uzito usibadilike tena. Unyevu hupatikana kwa kutoa uzito mkavu katika uzito wa mwanzo, kugawanya kwa uzito mkavu, na kuzidisha kwa 100. Kipande cha gramu 42 kikikauka hadi gramu 30 kilikuwa na unyevu wa asilimia 40. Mwanafunzi asishangae akipata jibu linalozidi asilimia 100. Mbao nyepesi zilizotoka kukatwa huweza kubeba maji mazito kuliko zenyewe. Shule isiyo na oveni iache vipande hivyo kivulini na kuvipima kila Ijumaa, mara moja wakati wa masika na tena wakati wa kiangazi, na kuandika upana wa kila kipande kando ya uzito wake.