Kuhakiki Kitabu cha Mtoto Bila Kukigeuza Mtihani

Wengi wetu tulipofika hapa chuoni tulikuwa tumeshahakiki riwaya kadhaa, na karibu zote kwa mtindo uleule: dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, ujumbe, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Aliyesoma Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo sekondari ananielewa. Mwamshe usiku wa manane, atakutajia dhamira sita bila kupumua. Sasa muulize Peter na Zita walijisikiaje walipokosa shule kwa sababu ya ada na sare. Atakutazama tu. Hilo halikuwamo kwenye swali.

Siubezi mtindo ule, una kazi yake. Lakini mtu anayesoma uhakiki wa kitabu cha watoto mara nyingi ni mzazi, au mwalimu aliyekabidhiwa maktaba na pesa ya vitabu kumi kwa mwaka mzima. Huyo hana haja ya kuambiwa kwamba umaskini umejadiliwa. Anataka kujua kama mtoto wa darasa la sita atakimaliza kitabu, na ukimdanganya, pesa imekwenda.

Kwa hiyo anza na swali la kitabu ni cha nani. Wachapishaji wa Marekani na Uingereza hutenganisha riwaya za watoto wa miaka 8 hadi 12 na zile za vijana wa 12 hadi 18. Umri wa mhusika unasaidia, ila mimi huangalia zaidi anatazama wapi. Mtoto anatazama nyumbani, shuleni, marafiki. Anataka mambo yakae sawa. Kijana anajitazama mwenyewe, anauliza yeye ni nani, anataka kuondoka. Siku Njema ya Ken Walibora (1996) haikuandikwa lebo yoyote ya namna hiyo, lakini safari ya Kongowea Mswahili kumtafuta baba yake naiweka rafu ya vijana bila kusita.

Riwaya ya vibonzo sio umri, ni namna ya kusimulia. Hapa watu wanakosea sana. Maus ya Art Spiegelman, iliyopata tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992, inahusu mauaji ya Wayahudi. Humpi mtoto wa miaka 8 eti kwa sababu ina panya na paka. Upande wa pili, New Kid ya Jerry Craft ni ya watoto kabisa, na mwaka 2020 ikawa riwaya ya kwanza ya vibonzo kupata nishani ya Newbery.

Hebu tuchukue moja tuifanyie kazi: When Stars Are Scattered, iliyotoka 2020. Omar Mohamed anasimulia utoto wake kwenye kambi ya Dadaab, Kenya, na Victoria Jamieson ndiye aliyechora. Omar na mdogo wake Hassan wamekimbia vita Somalia, hawajui mama yao yuko wapi, na wanatunzwa na bibi mmoja jirani, Fatuma. Hassan hasemi, isipokuwa neno moja la Kisomali, hooyo, yaani mama. Omar anapata nafasi ya kuanza shule. Akienda, Hassan atabaki na nani?

Ukiandika "dhamira: ukimbizi, elimu, undugu" hujakosea, ila hujasema kitu. Jiulize badala yake kwa nini kisa hiki kimechorwa. Jibu langu ni Hassan. Katika riwaya ya maneno matupu, mhusika asiyesema hupotea kila mwandishi anapoacha kumtaja. Kwenye picha hapotei. Omar anazungumza na watu wengine, na Hassan yumo humohumo kwenye kisanduku, uso wake unaonekana, mkono wake unaonekana. Kisha Omar anaingia darasani, na ghafla pale pembeni pake hakuna mtu. Hakuna anayehitaji kukueleza kwamba kijana ana wasiwasi. Jicho lako lenyewe limeshaanza kumtafuta mdogo mtu. Uhakiki unaopita bila kuligusa hili umehakiki nusu ya kitabu.

Scott McCloud, katika Understanding Comics (1993), ameeleza kwamba mambo mengi hutokea kwenye ule mwanya kati ya kisanduku na kisanduku, kwa sababu msomaji ndiye anayeujaza. Wazazi wetu waliokuwa wakigombania Sani, au Juha Kalulu kwenye Taifa Leo, walikuwa wanaujaza kila siku bila nadharia yoyote. Fanya zoezi hili: funika maneno ya kurasa mbili usome picha tu, kisha funika picha usome maneno. Kama maneno peke yake yanatosha, mchoraji amepamba tu.

Jihadhari na huruma. Mateso ya mhusika hayakifanyi kitabu kiwe kizuri, na mtoto wa Dadaab si somo la kutufanya tushukuru tulicho nacho. Kitabu hiki kina mchezo, kina utani, kina uchovu wa kusubiri miaka na miaka kuitwa kwenye usaili wa kuhamishiwa nchi nyingine. Yaandike na hayo. Andika pia kisichokuridhisha: mimi naona kisa cha Maryam, binti mwenye akili anayeozwa mapema, kilistahili nafasi kubwa zaidi.

Halafu kuna lugha, na hapa ndipo panaponiuma. Kitabu ni cha Kiingereza. Mwanafunzi wa shule ya Kayumba anasoma masomo yake kwa Kiswahili, kwa hiyo ule umri wa miaka 8 hadi 12 uliopangwa huko Marekani hapa kwetu unasogea. Ningesema kidato cha pili kwenda juu, au mdogo zaidi akiwa na kaka au dada wa kumsomea. Picha zitambeba sehemu kubwa. Mhakiki wa New York hawezi kuliandika hilo. Wewe unaweza, na mwalimu mwenye vitabu kumi analihitaji kuliko dhamira zote sita.

Kabla ya kuleta makala, mpe mtoto mmoja kitabu hicho nyumbani, usimuulize maswali. Angalia ameacha ukurasa wa ngapi, na alirudi mwenyewe au hakurudi. Weka na bei, na useme kama maktaba yetu inacho.