SOMO LA AFYA KWA WAZAZI WA BWEJUU: «MENO YA PLASTIKI» NA MARADHI MENGINE YA KINYWA CHA MTOTO

Wazazi na walezi wote wa Kisiwa cha Bwejuu wanaombwa kulisoma somo hili, na wanaojua kusoma wawasomee wasiojua, kwani linahusu uhai wa watoto walio chini ya mwaka mmoja.

Mtoto afikapo miezi mitano au sita huanza kutokwa na udenda mwingi, hutia mdomoni kila akipatacho, na usiku hulia bila ya sababu inayoonekana. Katika umri huo huo, mama akimfunua mdomo kwenye mwanga wa jua, huona pande zote mbili za ufizi, mahali zitakapoota chonge, pamevimba kidogo na pana weupe. Ikiwa mtoto ana homa, anaharisha au anatapika, mara hupatikana mtu wa kusema: «Huyu ana meno ya plastiki, yasipotolewa atakufa.» Wengine huyaita meno ya nailoni. Imani hii ilienea katika sehemu nyingi za Tanzania katika miaka ya 1980 na 1990. Si ya Tanzania peke yake. Katika nchi ya Uganda meno hayo huitwa ebiino, na Kenya na Ethiopia nako watoto wametendewa vivyo hivyo.

Ukweli ni kwamba hakuna meno ya plastiki. Ule uvimbe mweupe ni chonge za utotoni zikiwa bado ndani ya ufizi. Kila mtoto mzima huwa nazo. Meno ya kwanza kuota kwa kawaida ni ya mbele ya chini, kwenye miezi sita hivi. Chonge hungoja mpaka mtoto akaribie mwaka mmoja na nusu. Jino lisilofika wakati wake halijawa gumu: ni jeupe, laini, lenye majimaji. Ndiyo maana anayelichokoa na kulionyesha kiganjani huaminiwa haraka, maana kitu hicho hakifanani na jino wala na mfupa. Lakini lau angemfungua ufizi mtoto wa jirani asiyeumwa kitu, angetoa kitu kile kile.

Huenda mzazi akauliza: mbona wako watoto waliotolewa wakapona? Homa nyingine na kuharisha kwingine hukoma baada ya siku chache hata bila ya dawa. Mtoto aliyechokolewa siku ya tatu, akapata nafuu siku ya tano, hudhaniwa ameponywa na kile kisu. Yule aliyekufa husemwa aliletwa akiwa amechelewa. Kwa hesabu ya namna hiyo fundi hashindwi kamwe.

Na kwa nini ugonjwa huja wakati ule ule? Kinga ambayo mtoto alizaliwa nayo kutoka kwa mama yake huwa imepungua kwenye miezi hiyo. Ndipo pia aanzapo kulishwa uji na maji, na kutambaa chini akiokota vitu. Viini vya kuharisha humwingia kwa njia hizo, na malaria nayo humkuta kinga ikiwa dhaifu. Kuota meno kwaweza kumfanya mtoto awe msumbufu na kutokwa na udenda, ila hakuleti homa kali wala kuharisha kwa kumaliza maji mwilini.

Madhara ya kuchokoa ufizi ni makubwa. Chombo kitumiwacho huwa kisu, spoki ya baiskeli, sindano au hata ukucha, na chombo kimoja hupita vinywani mwa watoto wengi. Pepopunda, sumu ya damu na virusi vya UKIMWI vyaweza kuingia kwa mlango huo. Damu nayo: mtoto mchanga wa kilo saba ana damu ya nusu lita na ziada kidogo tu katika mwili wake wote. Vijiko vichache ambavyo mtu mzima asingevijali ni hasara kubwa kwake, hasa ikiwa malaria imekwisha kumpunguzia damu. Anayenusurika hubaki na alama. Chipukizi la chonge ya ukubwani limelala karibu sana na ile ya utotoni, na kisu hakijui mpaka. Miaka tisa hadi kumi na miwili baadaye, chonge hutoka imepinda, ina kasoro, au haitoki kabisa, na wakati huo hakuna akumbukaye sababu.

Zaidi ya yote hayo, muda hupotea. Siku ambayo mtoto alipaswa kupimwa malaria huishia kwa fundi.

Basi mtoto mwenye homa apelekwe kwa mtoa huduma wa afya siku hiyo hiyo, apimwe damu kwa kipimo cha haraka, na akionekana ana malaria apewe dawa mseto kwa kadiri ya uzito wake na amalize siku zote tatu hata akichangamka siku ya pili. Anayeharisha aendelee kunyonya. Pakiti moja ya chumvichumvi za kuongeza maji mwilini huyeyushwa katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, naye anyweshwe kidogo kidogo kwa kikombe na kijiko. Pamoja na hayo hupewa vidonge vya zinki kwa siku kumi hadi kumi na nne, nusu kidonge cha miligramu 20 kwa aliye chini ya miezi sita na kidonge kizima kwa aliyezidi. Macho yakiingia ndani, utosi ukibonyea, ngozi ya tumbo ikifinywa ikarudi polepole, au mtoto akishindwa kunyonya, hali hiyo ni ya hatari na haingoji asubuhi ikiwa kuna njia ya kusafiri.

Si kila weupe wa kinywani ni jino. Utando mweupe juu ya ulimi na ndani ya mashavu, usiofutika kwa kitambaa safi kama yafutikavyo maziwa, ni ugonjwa wa fangasi. Dawa yake ya matone, nistatini, hutibu vizuri. Utando ukirudi mara kwa mara, au ukimpata mtoto aliyekwisha kupita umri wa kunyonya, mtoto na mama wapimwe virusi vya UKIMWI, kwani hiyo huwa dalili, na matibabu yapo.

Kwa watoto waliokwisha kuota meno, adui ni sukari. Wadudu wa meno wanaosemwa mitaani hawapo. Ni viini visivyoonekana kwa macho ambavyo hula sukari na kutoa tindikali, na tindikali ndiyo itobowayo jino. Dalili ya kwanza si tundu wala maumivu. Ni mstari mweupe usiong'aa karibu na ufizi kwenye meno ya mbele ya juu, na mzazi aweza kuuona kwa kuinua mdomo wa mtoto. Hatua hiyo yaweza kurudishwa nyuma kwa kupiga mswaki wenye dawa ya floraidi mara mbili kwa siku na kuacha kumlaza mtoto na chupa ya chai ya sukari. Aliye chini ya miaka mitatu atosha kwa dawa ya ukubwa wa punje ya mchele. Baada ya hapo, punje ya njegere. Mswaki wa mti husafisha vyema kwa anayejua kuutumia, lakini hauna floraidi.

Jino ambalo wazazi wengi hulipoteza kwa kutolijua ni gego la kwanza la ukubwani. Huota kwenye umri wa miaka sita, nyuma ya magego ya utotoni, wala haling'oi jino lolote. Kwa hiyo hudhaniwa kuwa la utotoni, likitoboka huachwa «litoke lenyewe», na halina badala yake mpaka mtu anakufa.

Tundu likiwa dogo si lazima kung'oa. Katika miaka ya 1980 ya kati, ilikuwa hapa hapa Tanzania, katika mpango wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambapo ilianza kutumiwa njia ya kusafisha tundu kwa vifaa vya mkono peke yake na kuliziba kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino na kutoa floraidi. Haihitaji umeme wala mashine ya kutoboa, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa ulimwengu tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, ambayo mwaka huo ilihusu afya ya kinywa. Mzazi ampelekaye mtoto kwa tabibu wa meno ana haki ya kuuliza kama tundu laweza kuzibwa kwa njia hiyo.

Unga wa kidonge usitiwe ndani ya tundu. Tetrasaiklini, ambayo wengi huijua kwa vidonge vya rangi mbili, asipewe kabisa mtoto aliye chini ya miaka minane kwa ajili ya jino, kwani huyatia meno yanayojijenga madoa yasiyofutika. Aspirini vilevile haimfai mtoto. Parasetamoli yatosha kutuliza maumivu mpaka atakapofika kwa tabibu. Uvimbe wa jipu la jino ukipanda kuelekea jicho, au ukishuka chini ya taya hata mtoto akashindwa kufumbua kinywa, kumeza au kupumua vizuri, apelekwe hospitali mara moja.

Uko uvimbe mwingine wa taya usio wa jino. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliona mtoto mwenye taya zilizovimba pande zote, na mwaka uliofuata akaueleza ugonjwa ambao sasa una jina lake. Ni saratani ya watoto, nayo huonekana zaidi kwenye nchi za malaria nyingi, pwani yetu ikiwamo. Dalili zake ni hizi: taya hukua kwa siku na wiki chache, meno hulegea bila ya kutoboka, wakati mwingine jicho husukumwa nje. Haiumi sana mwanzoni, ndiyo sababu hupuuzwa. Kung'oa jino lililolegea hakusaidii kitu. Mtoto apewe rufaa, na Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ina wodi ya watoto wa saratani. Ugonjwa huu ni miongoni mwa saratani zinazoitikia dawa upesi, na watoto waliowahi kufikishwa wamepona.

Bwejuu imezungukwa na maji, na Hospitali ya Wilaya iko Kilindoni. Wakati wa kusi baadhi ya siku vyombo havitoki. Kwa hiyo kila nyumba yenye mtoto mchanga ingefaa iwe na pakiti mbili za chumvichumvi na vidonge vya zinki vilivyohifadhiwa pakavu, na nauli iliyotengwa kabla ya haja. Anayevuka na mtoto mgonjwa aendelee kumnyonyesha chomboni, amkinge na jua na mawimbi, na achukue kadi ya kliniki pamoja na maganda ya dawa zote alizokwisha kumpa, hata zile za kienyeji ataje majina yake, ili tabibu ajue aanzie wapi.