Kocha amefukuzwa tena, timu bado inafungwa

Mashabiki wa Uvira wanauliza. Mshabiki mwenzao aliyewahi kuwa mweka hazina wa timu anajibu

Kuanzia Kavimvira mpakani hadi Kalundu bandarini, mechi ikiisha vibaya maneno ya jioni ni yaleyale: kocha hafai, kipa kanunuliwa, refa ni wao. Nimeyasikia tangu utotoni. Baadaye nilikaa kwenye komite ya timu ya mtaa nikishika pesa, nikauona mpira kwa upande ambao shabiki haoneshwi. Maswali yafuatayo nimekuwa nikiulizwa na mashabiki wenzangu, vijana kwa wazee. Nayajibu kwa uchungu wa mtu ambaye timu yake inafungwa wiki hadi wiki, na anayeamini kwamba vipigo hivyo vilipangwa kwenye meza ya viongozi muda mrefu kabla ya filimbi.

Mzee, kila tukifungwa mfululizo kocha anaondolewa. Mbona hatubadiliki?

Kwa sababu anayeondolewa ndiye mwenye mamlaka kidogo kuliko wote. Katika timu zetu nyingi kocha anafika anakuta rais ameshasajili: huyu ni mpwa wake, yule kaletwa na rafiki yake wa Baraka, wa tatu alionekana akifunga mabao kwenye mechi ya kirafiki kule Sange. Siku ya mechi simu inalia benchi: mtoe yule, muingize huyu. Tukifungwa, komite inatangaza kwamba imeachana na kocha, sisi tunashangilia, hasira inapoa, na waliosajili wanabaki kwenye viti vyao.

Sisemi makocha wote ni wazuri. Wapo wasioweza kupanga mabeki wanne wakaelewana. Ila kabla hujaanza kuimba aondoke, uliza: nani alimwajiri? Mkataba wake uliandikwa? Mara ya mwisho alilipwa lini? Katika kikosi hiki, wachezaji wangapi aliwachagua yeye? Ukishapata majibu utajua wa kumkasirikia ni nani.

Na wachezaji je? Wengine wanatembea tu uwanjani, hawana moyo na timu.

Nchi yetu ina kisa ambacho dunia nzima ilikiona, ikakicheka bila kukielewa. Machi 1974 Leopards, timu yetu ya taifa wakati nchi ikiitwa Zaire, walitwaa Kombe la Afrika huko Misri, na Ndaye Mulamba peke yake akafunga mabao 9, rekodi ya mashindano mamoja ambayo haijavunjwa hadi leo. Miezi mitatu baadaye vijana walewale walikuwa Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Walifungwa na Uskoti 2-0, lakini walicheza kiume. Kisha tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen, Yugoslavia wakawafunga 9-0.

Timu haisahau mpira ndani ya siku nne. Wachezaji wenyewe walieleza miaka mingi baadaye: walipata habari kwamba posho walizoahidiwa hazipo, zimeishia mikononi mwa maofisa waliosafiri na timu. Walitaka kugoma. Wakabembelezwa, wakaingia uwanjani, lakini iliyoingia ni miili tu. Katika mechi iliyofuata, dhidi ya Brazil, Mwepu Ilunga alichomoka kwenye ukuta akaubutua mpira wa adhabu wa wapinzani kabla hawajaupiga. Picha hiyo inarudiwa mpaka leo kama kichekesho cha Mwafrika asiyejua sheria za mpira. Mwepu alikuja kusema kwamba sheria alizijua vizuri sana. Alikuwa na hasira, na hakuona sababu ya kuendelea kuumia wakati watakaofaidi pesa wamekaa jukwaani wanatazama.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukimwona winga wetu anatembea, jua kwanza kama tangu asubuhi alikuwa Kalundu anashusha magunia kwenye boti, kama amekula, na kama nauli aliyoahidiwa wiki iliyopita aliipata. Akishapewa haki yake yote na bado anatembea, hapo nitamzomea pamoja nawe.

Sisi tunachokosa ni tajiri. Tungempata mtu kama Katumbi, shida zingekwisha.

Swali hili nalipenda, kwa sababu watu wengi wanaitazama TP Mazembe wanaona pochi tu. Moïse Katumbi ameiongoza tangu 1997. Klabu ikatwaa ubingwa wa Afrika 2009, 2010 na 2015, na Desemba 2010 ikafika fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia kule Abu Dhabi, ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika Kusini. Inter Milan walishinda 3-0, lakini Uvira tulilala tukiimba.

Sasa angalia pesa ilikwenda wapi. Ilijenga uwanja wa klabu yenyewe, Kamalondo, uliofunguliwa 2011. Ikajenga akademia ya vijana. Mei 2016 Katumbi alipoondoka nchini kwa misukosuko ya siasa, asirudi hadi Mei 2019, Mazembe haikufa. Ilichukua Kombe la Shirikisho 2016, ikalichukua tena 2017. Mkubwa yuko mbali, kazi inaendelea. Tajiri wa namna hiyo mimi namtaka kesho asubuhi.

Wengi tunaowapata sisi ni wa namna nyingine. Anakuja mwaka wa uchaguzi, ananunua jezi zenye jina lake mgongoni, analipa posho mkononi kwa noti za dola bila kuandika popote. Akishindwa kura, au akishinda akahamia Kinshasa, timu inabaki na jezi zilizochakaa. Tena mara nyingi inabaki na deni, maana aliahidi wachezaji mambo ambayo hayakuwahi kufika kwenye komite.

Na pesa peke yake haitoshi hata kwa wakubwa. Mwaka 2011 Mazembe, mabingwa watetezi wa Afrika, waliwafunga Simba ya Dar es Salaam nyumbani na ugenini. Simba wakakata rufaa juu ya uhalali wa Janvier Besala Bokungu, beki aliyetokea Espérance ya Tunisia. CAF ikakubali rufaa, mabingwa wakatupwa nje. Katibu asiyesoma faili la mchezaji anaweza kuiponza timu kuliko mshambuliaji anayekosa penalti, na hapa kwetu sijawahi kusikia mashabiki wakiuliza katibu wa timu yao ni nani.

Watani wanasema Yanga nao walikuwa ombaomba. Walitokaje huko?

Kweli walikuwa, na sisi wa ukanda huu wa ziwa tunapaswa kukijua kisa hicho kuliko wengine, maana kuna Mkongomani ndani yake.

Yanga ilitwaa ubingwa wa Tanzania misimu mitatu mfululizo chini ya mwenyekiti tajiri, Yusuf Manji. Mwaka 2017 Manji akaondoka. Mishahara ikaanza kuchelewa, wachezaji wakagoma mazoezi, wengine wakaondoka bure, na Simba wakachukua ubingwa mara nne mfululizo. Mwaka 2018 alikuja kocha wetu, Mwinyi Zahera, ambaye wakati huohuo alikuwa msaidizi wa Florent Ibenge kwenye benchi la Leopards. Alikuta hali mbaya akakataa kunyamaza. Alisema hadharani kwamba wachezaji hawajalipwa, akahimiza mashabiki wachange, na bakuli likapita Tanzania nzima. Msimu wa 2018/19, pamoja na njaa hiyo, Yanga ilimaliza ya pili. Novemba 2019 Zahera akafukuzwa. Ndivyo ilivyo: aliyesema ukweli kuhusu pesa ndiye alitangulia kutoka.

Bakuli liliwavusha tu. Kilichowainua ni mfadhili GSM kuja na mikataba, klabu kubadili katiba yake, na wanachama kupiga kura Julai 2022 kumchagua rais, Hersi Said. Kuanzia msimu wa 2021/22 ubingwa ukarudi, na 2023 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho, Fiston Mayele wetu akiwa mfungaji bora wa mashindano. Serikali ya Tanzania nayo ina sharti kwamba klabu ya wanachama ikimkaribisha mwekezaji, asilimia 51 zibaki kwa wanachama. Wajerumani wana kanuni ya jinsi hiyo, wanaiita 50+1.

Kama unataka kujua Yanga imetuacha umbali gani, tazama ng'ambo ya mpaka wa Gatumba. Vital'O ya Bujumbura, iliyocheza fainali ya Kombe la Washindi Afrika mwaka 1992, na ambayo wazee wetu walivuka kwenda kuitazama, ilikutana na Yanga Agosti 2024. Ililazimika kuchezea hata mechi yake ya nyumbani Dar es Salaam, kwa kukosa uwanja ulioidhinishwa na CAF kwao. Ilifungwa 4-0, kisha 6-0. Iliniuma kama ni timu yangu.

Ni kweli pesa ya timu inakwenda kwa waganga?

Nilipokabidhiwa daftari la timu ya mtaa, lilikuwa daftari la shule la miraba, kurasa zake zimekunjamana kwa mvua, wino wa bluu umesambaa pembeni. Mistari ya kawaida ilikuwamo: maji, chokaa ya uwanja, nauli, kufua jezi. Halafu kabla ya kila mechi kubwa palikuwa na maneno mawili, "mambo ya ndani", na mbele yake kiasi kilichozidi nauli ya kikosi kizima. Hakuna risiti. Ukiuliza unaambiwa wewe unataka timu ifungwe.

Anayeamini mganga na aamini kwa pesa yake. Mimi naona zaidi kwamba mstari usioulizwa ni mahali pazuri sana pa kuficha pesa, na sina hakika kama mganga mwenyewe aliwahi kuiona.

Viongozi wanasema tatizo ni vita na barabara. Wanadanganya?

Hapana, na ni dhuluma kuwatupia kila kitu. Bukavu ilichukuliwa na waasi wa M23 Februari 2025, na Desemba mwaka huohuo vita vikaingia Uvira yenyewe. Hakuna kalenda ya ligi inayostahimili hayo. Hata kabla ya hapo, kupanda Bukavu kwa barabara ya Kamanyola na Ngomo kulikuwa kazi ya siku nzima, mvua ikinyesha ni ya siku mbili, na ukitaka kufika Kinshasa kwenye ligi kuu, Linafoot, ni ndege tu. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020 ulibomoa nyumba za watu. Nani angekumbuka goli na nyavu?

Lakini vita haikuandika "mambo ya ndani". Barabara mbovu haimzuii mweka hazina kusoma mapato ya mlangoni mbele ya watu. Kiongozi mkweli anakuambia: hili lilitushinda, hili tulilifanya, hii hapa karatasi. Akitaja vita kila unapomuuliza habari za tiketi, mshike hapohapo.

Mimi ni mama wa ndagala hapo Kalundu. Ninachanga kila timu ikisafiri. Nina haki ya kudai nini?

Mama yangu, una haki kuliko wale wanaokaa viti vya mbele. Klabu nyingi zetu zimeandikishwa kama ASBL, shirika lisilo la faida, chini ya sheria ya tarehe 20 Julai 2001. Katika shirika kama hilo chombo cha juu ni mkutano mkuu wa wanachama. Rais yuko chini yake.

Kwanza, dai jina lako liingie kwenye orodha ya wanachama, kwa kadi au kwa daftari, maana asiye kwenye orodha anaitwa shabiki tu, na shabiki hapigi kura. Pili, mchango wako uandikwe ukiwa umesimama pale, upewe hata kipande cha karatasi chenye saini. Tatu, pesa itolewe kwa saini za watu wawili wasio wa nyumba moja.

Nne ni mlangoni, na hapa nawaomba wote msikilize, kwa kuwa ndipo timu ndogo zinapovuja zaidi. Tazama mwenye mfuko anavyosimama: anapokea noti, anamruhusu mtu aingie, tiketi inabaki mkononi mwake na inauzwa tena kwa mtu wa pili. Dawa yake ni rahisi. Tiketi ziwe na namba, zichanwe mbele ya mnunuzi, na zinazobaki zihesabiwe wakati wa mapumziko na watu watatu, mmoja wao akiwa mama au kijana aliyechaguliwa na mashabiki. Jumla itangazwe kabla watu hawajatawanyika. Nimeona ikifanyika kwenye mechi ya mtaa. Haikuchukua hata robo saa, na walioshika mfuko zamani hawakurudi tena kuomba kazi hiyo.

Tukisusa mechi watasikia?

Watasikia wachezaji. Rais anaishi kwa pesa nyingine, kijana anaishi kwa ile ya mlangoni. Nendeni uwanjani, shangilieni kikosi, kisha nendeni kwenye mkutano mkiwa wengi vilevile.

Na wakituambia mashabiki hatujui mpira?

Wajibuni kwamba leo hamjaja kuuliza mpira. Hamkuomba kupanga kikosi wala kuchagua kipa. Mnauliza msimu huu ziliingia franga ngapi, zilitoka ngapi, nani alisaini, na mkutano mkuu ni tarehe gani. Wakisema tarehe haijapangwa, kaeni palepale hadi ipangwe, iandikwe, ibandikwe kwenye lango la uwanja.